Maji Huja Alhamisi

Mechi ni Jumamosi, maji huja Alhamisi.
Siku tano jezi hulala guniani chini ya kitanda changu,
zikikakamaa kama ng'onda,
na Nekesa hufungua dirisha bila neno.
Zamani aliuliza nitaacha lini.

Goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu.
Siku hiyo nilipewa beseni, kamba, vibanio thelathini,
na cheo: mtunza vifaa, timu ya raga ya Mbotela,
daraja ambalo chini yake hakuna daraja.
Jezi kumi na tano. Za akiba hatuna.
Anayeingia huvaa iliyovuliwa,
ikiwa bado na joto la mwenzake.

Nguo haijui kuficha.
Namba moja, Muthengi, fundi wa makabati:
begani pamelegea kwa kushikwa kwenye skramu,
na kwenye kola, damu ya sikio, kila wiki sikio lilelile.
Namba tisa ina chaki kwenye pindo.
Mwalimu Kwemoi hutoka masomo ya ziada mbio,
kipenga cha kwanza humkuta akifunga kamba za viatu.
Namba kumi na nne hurudi safi.
Safi mno. Nilimwita Lubanga pembeni:
"Hukuangushwa, au ulikwepa kuangushwa?"
Alicheka, akatazama viatu vyangu.

Novemba tulifungwa arobaini na tatu kwa tatu.
Ile tatu tuliisimulia hadi Krismasi.
Vuli ikanyesha, udongo mweusi wa Embakasi
ukatuvika sisi na wapinzani sare moja,
hata refa akasimama akauliza nani ni nani.
Udongo ule hautoki.
Unasugua, unasugua, unakubali tu kuwa kijivu.

Februari, vumbi. Timu ya Nakuru haikupata nauli.
Refa alitazama saa, akatazama barabara,
akapuliza: tumeshinda.
Ushindi wetu wa pekee msimu mzima.
Tulipiga picha, tukanunua soda, Ochola akalia kidogo.
Alhamisi maji yakaja kwa nguvu ya kupasua bomba
nami sina cha kufua.
Nilifua gunia.

Machi akaondoka Imbuye, namba kumi na moja,
kijana aliyekimbia kama mwenye deni.
Alisema jezi ataileta Jumatatu.
Jumatatu alikuwa Doha, akilinda duka la saa.
Alituma picha: sare ya ulinzi, vifungo vyote vimefungwa,
na chini ya kidevu, kola yetu ya kijani ikichungulia.
Kocha alitaka tumdai. Nikasema ngoja.
Kwenye kamba, kati ya kumi na kumi na mbili,
nikawa naacha nafasi ya jezi moja.
Sijui kwa nini. Nekesa alianika humo leso zake.

Mechi ya mwisho, masika: jezi kumi na nne, watu kumi na nne.
Dakika za mwisho mpira ukadunda vibaya kushoto,
pale ambapo Imbuye angekuwa,
ukamwangukia Muthengi mikononi.
Kilo mia na kumi na mbili. Miaka tisa bila trai.
Alikimbia kama kabati linaloteremshwa ngazi,
na sisi tuliokuwa ukingoni tulikimbia naye,
mimi pia, goti likinitukana,
hadi akaanguka juu ya mstari na mstari ukafutika.

Tulifungwa hata hivyo. Kumi na saba kwa kumi na mbili.
Jioni akaja nyumbani, amesimama mlangoni,
hajui mikono aiweke wapi.
"Yangu usiifue."

Alhamisi nilifua kumi na tatu.
Ya Muthengi iko Makongeni, ukutani, juu ya televisheni,
inamwaga udongo kidogokidogo kwenye kitambaa cha meza,
na mkewe, naambiwa, anafagia akizunguka.
Novemba ataihitaji.
Nimeshanunua sabuni, ile ngumu, miche miwili.
Sijamwambia.